Mama Vyombo na Misiba ya Kiporo

Uvumilivu wangu uliisha Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa, na neno lililoumaliza halikutoka kwa mtendaji. Lilitoka kwa Mama Vyombo mwenyewe.

Mtendaji alikuwa na daftari mbele yake, anamhoji kama anamjazia fomu.

"Bibi, marehemu ni nani?"

"Mwanangu."

"Kafariki lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

Akaweka kalamu chini, akatuangalia sie tuliokaa kwenye benchi kama anatuita tuwe mashahidi. "Mwaka wa tisa. Halafu juzi Jumamosi mnafunga turubai, mnapika, mnalia mpaka majirani wananipigia simu. Wafanyakazi hewa nimewahi kuwasikia. Misiba hewa ndo naisikia kwako."

Watu wakacheka. Mgambo aliyesimama mlangoni naye akacheka, na huyo ndiye aliyeuvuta mkeka Jumamosi ile, Mama Vyombo akiwa ameukalia.

"Msiba usio na maiti ni mkusanyiko usio na kibali," mtendaji akaendelea. "Na mkusanyiko wenyewe wa mateja. Vyombo vitabaki hapa, na pale uani kwako sitaki kuona tena kikao. Haya, pole, bibi."

Mama Vyombo akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nishapoa, mwanangu."

Kwa mtu mwingine hilo ni jibu la kawaida. Umepewa pole, umesema nishapoa, ndiyo adabu tuliyofundishwa wote. Lakini huyu ni mtu aliyetukataza neno hilo. Aliwahi kumtoa mtu nje ya kikao kwa kulisema. Kumsikia analisema yeye, mbele ya mgambo, ilikuwa kama kumwona amevuliwa khanga barabarani.

Nikasimama, mwanangu Nasra amelala begani. Watu mtaani wanasema nilitukana. Sikutukana. Nilisema, "Hajapoa."

"Na wewe nani?" mtendaji akauliza.

"Mie ni mmoja wa hao mateja. Huyu mama hajapoa. Na kalamu huna peke yako."

Nilimaliza kidato cha nne na daraja la nne, silifichi hilo. Ila Kiswahili nilipata B, na barua rasmi naijua mpaka mahali pa kuweka neno YAH. Barua nimeshaiandika na nimeshaipeleka, itakuja mwishoni. Kwanza nataka mjue ni mtu gani aliyeambiwa ana misiba hewa.

Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sijui, sikuwahi kuuliza. Sie tuliokulia Tegeta tulimkuta tayari ni Mama Vyombo. Anaazimisha vyombo vya shughuli: masufuria makubwa, mikeka, turubai, sahani, chupa za chai. Kila chombo chake kina alama ya rangi nyekundu kitakoni. Na sheria yake ilikuwa moja na haikubadilika hata nyumba za ghorofa zilipoanza kuota pande zetu: harusi unalipa, msiba hulipi. Mtu akijifanya mjanja, akachukua masufuria kwa jina la msiba kumbe ana kipaimara cha mtoto, anamfuata mpaka kwenye sherehe, anakaa mbele, anakula sahani mbili, halafu anamwambia mwenye shughuli mbele ya wageni, "Poleni sana kwa msiba."

Kuhusu vijiko, alikuwa kichaa. Nasema hivyo kwa heshima. Sahani ikivunjika anasema imekwenda na balaa zake. Sufuria likiungua analisugua yeye mwenyewe. Lakini kijiko kikipotea hakuna anayetoka. Siku moja tumemaliza kikao, watu wanataka kwenda, akahesabu vijiko akapata thelathini na tisa badala ya arobaini. Tulipekua ua mzima. Fundi Elia, mtu mzima, fundi wa marumaru anayeheshimika mpaka Madale, alilazwa kifudifudi achungulie chini ya pipa. Tukamwaga ndoo ya taka. Karibu saa nzima. Mwisho kijiko kikaanguka kutoka kwenye pindo la khanga yake mwenyewe, alipokichomeka akiwa anaonja mchuzi. Tukamtazama.

"Mnatazama nini?" akasema. "Nimewafundisha kutafuta."

Ndo alivyo. Haombi radhi kwa mdomo. Ila kesho yake alimpelekea Elia sinia la chapati.

Sasa hicho kikao. Kilianza kabla sijafika, kwenye stoo yake, baada ya mwanawe kufa na unga. Yeye hasemi kufa na unga. Ukisema, anakurekebisha: "Kafa kwa kufa. Wewe utakufa kwa nini, kwa kucheka?" Rafiki zake huyo kijana, waliokuwa wanatumia naye, waliogopa kuja msibani. Mtu anayetumia unga akionekana msibani, wenyeji wanaanza kuingiza viatu vyao ndani. Kwa hiyo walikuja wiki tatu baadaye, wanne, wakasimama nje ya ua, hawajui waseme nini. Mama Vyombo akawafungulia stoo, akawatandikia mkeka, akawapikia chai. Wakalia mpaka chai ikapoa. Wawili kati yao, mwezi huohuo, wakaenda wenyewe kuanza dawa ya methadoni, ile ya kuachia unga. Elia ni mmojawapo.

Hapo akajua kitu ambacho wataalamu wanakiendea shule. Mtu akiwa anatumia, msiba unampita pembeni. Mama yake anakufa, yeye yuko maskani. Baba anazikwa, yeye yuko rumande. Akija kuacha, mwili unapata nafuu, anaanza kusikia ladha ya chakula, anaanza kusikia baridi, na vifo vyote alivyovikwepa vinakuja siku moja kumgongea mlango. Anapofungua hana pa kuviweka. Anarudi kwenye kete za unga.

Kwa hiyo yeye akaamua kila Jumamosi alasiri mtu mmoja akae tanga la msiba wake aliouruka. Tanga la kweli, na mkeka, na turubai kama ni masika, na wali na maharage, na watu wa kumpa pole mmoja mmoja. Wenyewe tuliita kiporo. Ukikutana na mwenzio stendi ya Tegeta unamuuliza, "Jumamosi kiporo cha nani?" anakujibu, kama mnaongelea mechi.

Na ndipo lilipokuja lile katazo. Nilipofika mara ya kwanza, kijana mmoja alikuwa amekaa kwa ajili ya dada yake. Tukapita kumpa pole, na yeye, kwa mazoea, "Nishapoa, nishapoa." Mama Vyombo akatoka jikoni na mwiko.

"Umepoa nini?"

"Si wamenipa pole, mama."

"Nimekuuliza umepoa nini. Dada yako kafa ulipokuwa umesinzia kijiweni, hujamwagia hata konzi moja ya mchanga, umepoa? Wali ukipoa ukaula hivyohivyo unakufanya nini?"

"Tumbo linauma."

"Basi kiporo kinapashwa moto. Humu ndani hakuna aliyepoa. Mtu akikupa pole, sema naipokea. Halafu uipokee kweli. Usiikwepeshe kama mpira."

Ni neno moja tu amebadilisha. Lakini jaribuni. Mtu anakushika mkono, anakwambia pole na mama yako, na wewe huruhusiwi kuifunga habari. Unabaki nayo mkononi. Mie mara ya kwanza nilishindwa kuuachia mkono wa aliyenipa.

Nitasimulia la kwangu, ingawa si zuri.

Mama yangu alifariki miaka sita iliyopita. Mie wakati huo nilikuwa Kunduchi, nyuma ya wanakokaangia samaki, kwenye maskani yetu. Mjomba alinitafuta siku mbili. Nilipofika nyumbani wameshazika. Wanawake wakanipokea na khanga, wakaniketisha, na mie machozi yananitoka, makamasi yananitoka, natetemeka. Wakasema maskini, anavyompenda mama yake. Ilikuwa arosto. Nilikuwa sijatumia tangu asubuhi na mwili unanidai. Machozi yale hayakuwa ya mama. Nikawaambia wote, nishapoa, ahsante, nishapoa. Halafu walipokwenda kuswali alasiri, nikachukua chupa ya chai iliyokuwa karibu nami, nikaitia chini ya khanga, nikaondoka. Kitakoni ilikuwa na alama nyekundu. Niliiona na bado nikaiuza.

Baadaye nikaanza dawa, nikampata Nasra, nikakaa safi zaidi ya mwaka mzima. Nikadhani nimemaliza. Siku moja nimeingia duka la vipodozi kutafuta mafuta ya mtoto, mwenye duka akafungua kopo la hina kumwonyesha mteja mwingine. Mama alikuwa anapakaga hina ileile. Nilitoka dukani bila mafuta. Miguu ikanipeleka yenyewe njia ya Kunduchi, mtoto mgongoni. Nilifika mpaka kona ya maskani. Nasra akalia, akataka kunyonya, nikakaa kwenye jiwe kumnyonyesha, na Elia akapita na ndoo yake ya vifaa, anatoka kazini. Aliniangalia mara moja tu. Mtu aliyetoka huko hahitaji kuambiwa.

"Nani kakufia?" akauliza.

Hakuuliza nafanya nini pale. Aliuliza nani kanifia. Hilo swali kafundishwa na Mama Vyombo. Yeye Elia mwenyewe alikuwa akirudi kwenye unga kila mwaka, na kila mwaka anajichukia upya, mpaka yule mama alipomwambia, "Kila mwezi wa sita unaanguka. Nani alikufa mwezi wa sita?" Alikuwa baba yake. Hakwenda mazishini, alikuwa amekula nauli. Alikaa kiporo chake, walokole wenzake wakaja kumwombea na waislamu wakaitikia amina, na mwezi wa sita uliofuata alimaliza nyumba mbili za marumaru. Hadi leo hajaanguka.

Basi nikapelekwa. Jumamosi yangu ilipofika, nikakaa kwenye mkeka nimejifunika khanga, nimeshapewa pole na watu kama ishirini. Ikaja zamu ya chai. Mama Vyombo akapanga chupa zake mstari mmoja mbele yangu. Tano.

"Seti hii ni ya chupa sita," akatangaza. "Ya sita anayo mwenye msiba."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Uliipeleka wapi?" akaniuliza.

"Niliiuza."

"Ilikuwa na chai ndani?"

"Ndiyo."

"Uliimwaga?"

Nilikuwa sijawahi kuikumbuka sehemu hiyo. Nikaikumbuka palepale: njiani, pembeni ya ukuta, kifuniko mkononi. "Niliinywa."

"Yote?"

"Yote. Ilikuwa na tangawizi."

Akakaa chini kwenye mkeka, karibu yangu, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akasema, "Basi ulikunywa chai ya msiba wa mama yako. Hukukosa yote."

Hapo ndipo nilipomlilia mama yangu. Miaka yote ile, mara ya kwanza. Nasra alipokelewa na mikono sita tofauti na hakuna aliyeniambia nyamaza. Nilipotulia Mama Vyombo akaniletea kisu na karai. "Wenzio wengine machozi hayatoki," akasema, "wanamenyaga vitunguu ili waanzie pale. Wewe umeshalia, menya vya kesho."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Ana ulimi. Ana upendeleo, mtoto wa kike anamsamehe haraka kuliko wa kiume, na wa kwao pwani haraka kuliko wa bara, mpaka Elia alipomwambia mbele ya watu na yeye akanuna siku nne. Na anabwia ugoro. Anaujaza nyuma ya mdomo wa chini, anatema kwenye kopo, na kopo lenyewe amelipaka alama nyekundu. Kwenye kikao kila mtu anajitambulisha na siku zake, na yeye hakujiweka nje. "Mie mraibu wa ugoro. Leo siku ya tatu." Tunapiga makofi. Wiki inayofuata: "Mie mraibu wa ugoro. Leo siku ya kwanza." Tunapiga makofi vilevile. Kuna kijana alicheka, akasema ugoro nao ni kitu cha kutaja. Mama Vyombo akamwambia, "Basi uache wewe kwa niaba yangu, kama ni rahisi." Miaka yote niliyokaa naye rekodi yake kubwa ni siku kumi na moja. Hata ningeanguka, nisingekuwa na hofu ya kurudi kwa mtu ambaye yuko siku ya kwanza. Nadhani alijua hivyo. Au labda anapenda ugoro tu.

Walishakuja watu wa miradi, na gari na fulana. Dada mmoja mpole akamuuliza, "Bibi, mnatumia mbinu gani?"

"Mkeka."

"Namaanisha mbinu ya ushauri."

"Tunatandika mkeka," akasema, "halafu hatuondoki."

Walitaka kikundi kiwe na jina na wapige picha. Jina alikataa, msiba hauna jina la biashara. Picha alikubali ya masufuria.

Na msemo wake tulioushika wote ni huu: msiba ni sufuria la kuazima, usipolirudisha mwenyewe atakufuata. Alikuwa anausema akiwa anasugua masizi, wala haangalii mtu. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba yeye, mwenye masufuria, lake hajalirudisha.

Kila mtu alishakaa. Wapya walikaa, wa zamani wakakaa mara ya pili kwa ndugu wengine. Yeye hapana. Akiulizwa, wali unaungua. Akiulizwa tena, kuna watu wanasubiri turubai. Mwaka huu nikamkazania. Mie mdomo wangu hauna breki, na kwa hili nashukuru. Nikamwambia, "Mama, kiporo chako kina miaka tisa. Hata kwenye friji kingeoza."

"Mtoto huna adabu."

"Sina. Jumamosi ni yako."

"Nani atapika?"

"Sie."

"Mtaunguza."

"Tutakula hivyohivyo."

Akakubali. Hakulala siku mbili akitugawia maagizo, lakini alikubali.

Jumamosi ile tulikuwa ishirini na saba. Tukamkalisha kwenye mkeka wake mpya wa Pemba, tukamfunika khanga, tukapita mmoja mmoja. Pole, mama. "Naipokea." Pole, mama. "Naipokea." Sauti ilikuwa kavu kama anasoma tangazo. Halafu, bila kuombwa, akaanza kusimulia. Akasema siku ile ya mwanawe watu walijaa, na kila baada ya dakika mtu anamfuata, Mama Vyombo vijiko havitoshi, Mama Vyombo ufunguo wa stoo, na yeye ananyanyuka, maana vyombo ni vyake na anayejua vilipo ni yeye. Mfiwa yeye, mtumishi yeye. Akasema, "Walipomtoa ndani, wanawake wakapiga kelele, mie nilikuwa bombani. Nilikuwa na vijiko mkononi. Nikasema nimalize kuvisuuza hivi, halafu—"

Hapo mgambo wakaingia. Watatu. Jirani yetu wa nyumba mpya alikuwa ameshapiga simu, kachoka na vilio vya kila Jumamosi. Sitamsema sana, nyumba kajenga kwa jasho na hakuna aliyemweleza sisi ni nani. Lakini mgambo tuliwaeleza. Elia aliwaeleza kwa upole, nami bila upole. Wakabeba masufuria, wakamwaga wali kwenye majani ya mgomba tuliyotandika tupakulie. Wakabeba chupa. Mmoja akashika ncha ya mkeka na kuuvuta. Mama Vyombo alibaki kwenye sakafu, khanga imemtoka kichwani, mkono mmoja bado umekunjwa kama ameshika kitu.

Halafu. Neno lake la mwisho lilikuwa "halafu", na mpaka leo hajalimalizia. Jumatatu akaenda kudai vyombo vyake kwa adabu zake zote, na mmeshasikia alichojibiwa.

Jumanne nilikwenda kwake na rasimu ya barua. Nilimkuta stoo. Sijawahi kuiona stoo ile tupu. Kumbe ina dirisha. Alikuwa amekaa chini kwenye saruji, kopo la ugoro pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiniulize siku ya ngapi."

"Siulizi."

"Ya kwanza." Akatema. "Achana nao, Mama Nasra. Watu wazima wakikaa chini wakanyanyuliwa, wanakaa kwingine."

"Wapi?"

Akasogeza kopo lake pembeni. Nikakaa kwenye saruji mbele yake, Nasra akaenda kucheza na mfuniko pekee uliosahaulika, nikaanza kumsomea. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye orodha ya vyombo akainua kidole.

"Vijiko umeandika vingapi?"

"Arobaini."

"Thelathini na tisa." Akafungua pindo la khanga, akatoa kijiko, akakiweka sakafuni kati yetu. "Hiki nilikuwa nacho. Tusimsingizie mgambo kijiko."

Nikarekebisha. Nilikuwa najivunia huyu mama kiasi cha kutaka kwenda kulisema stendi na kipaza sauti. Nikamwambia neno lililokuwa karibu.

"Pole, mama."

Nje mtu alikuwa anapita na muziki wa singeli kwenye simu, ukaja, ukaondoka. Nasra aligonga mfuniko mara mbili. Nilijua kuna maneno mawili tu anayoweza kuchagua, na nilijua lipi alilisema jana.

"Naipokea," akasema.

Halafu akaniambia niongeze kwenye barua kwamba sufuria kubwa lina mpini uliolegea, wasilibebe kwa mkono mmoja.

Jumatano asubuhi niliipeleka ofisi ya kata, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Jina lake kamili limo kwenye barua. Hapa nimelitoa, kwa sababu halipendi.

*

KWA AFISA MTENDAJI WA KATA.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUCHUKULIWA KWA VYOMBO VYA MSIBA NA KUVUTWA KWA MKEKA ULIOKALIWA NA MFIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa kata yako. Nilikuwa mtumiaji wa unga na sasa nina miaka minne sijatumia. Ninaandika mwenyewe, sikuandikiwa.

Jumamosi iliyopita alasiri, mgambo watatu wa mtaa wetu waliingia kwenye ua wa mama mwenye vyombo, wakakuta yuko kwenye tanga la mwanawe, wakamvuta mkeka. Walichukua masufuria makubwa mawili (moja lina mpini uliolegea, lisibebwe kwa mkono mmoja), mikeka minne, turubai moja, sahani arobaini, vijiko thelathini na tisa, na chupa za chai tano. Seti ni ya chupa sita. Ya sita niliiba mimi miaka sita iliyopita, kwa hiyo haihusiani na malalamiko haya.

Mtendaji wa mtaa amesema msiba usio na maiti ni mkusanyiko usio na kibali. Naomba ofisi yako imweleze kwamba maiti tunao. Tuliwakosa walipozikwa kwa sababu tulikuwa wagonjwa, na sasa tumepona kiasi cha kuweza kuwalilia. Ofisi ikifunga ua ule, haitakuwa imefunga vilio. Itakuwa imevirudisha vijiweni, ambako havisikiki kwa majirani.

Ninaomba mambo matatu. Vyombo virudishwe kwa idadi niliyotaja, na mwenyewe atavihesabu, kwa hiyo msijisumbue kupunguza. Mtendaji na jirani aliyepiga simu waje Jumamosi ijayo saa kumi, chai ipo. Na mgambo aliyeuvuta mkeka aje autandike yeye mwenyewe palepale alipoutoa, kwa sababu mama yule alikuwa katikati ya sentensi na tunataka aimalizie.

Ukimaliza kusoma barua hii pengine utataka kunipa pole. Naipokea. Ila nikujulishe mapema, kwa maandishi, kwamba sijapoa.